Uzoefu wangu wa kuendesha sedani kwenye theluji nzito kwa matairi ya majira ya baridi

Gari langu ni sedani ya kawaida inayovutwa na magurudumu ya mbele, na nafasi iliyobaki kati ya tumbo lake na ardhi ni kama milimita 140 tu. Watu wanaoliona limeegeshwa nje theluji ikianguka hudhani haliwezi kutoka mpaka barabara isafishwe, na wapo walionishauri waziwazi niliuze ninunue gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Sikuliuza. Nililinunulia seti kamili ya matairi ya majira ya baridi yasiyo na misumari, yaani vijino vya chuma vya kuuma barafu, na baada ya kuyatumia kwenye theluji ya kila namna naona kwamba fedha hiyo ilikwenda mahali pake, ingawa matairi haya yana kasoro ambazo wauzaji hawazitaji, na kuna hali moja ambayo tairi lolote, hata liwe bora kiasi gani, haliwezi kuiokoa sedani.

Nianze na mpira wenyewe, kwa sababu ndiko tofauti iliko. Tairi la kiangazi hutengenezwa kwa mchanganyiko unaostahimili lami yenye moto, na hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi huanza kukakamaa na kupoteza mshiko, hata kama barabara ni kavu na hakuna theluji hata chembe. Mpira wa tairi la baridi una kiungo kiitwacho silika kwa wingi na umechanganywa kwa namna inayoufanya ubaki laini hata ubaridi unapokuwa mkali. Jambo hili halihitaji maabara. Asubuhi moja ya baridi kali niliyaweka matairi ya aina zote mbili sambamba, nikabonyeza kashata za kila moja, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kwa kidole gumba: la kiangazi lilikuwa gumu kama ukwato, ilhali la baridi liliitikia kidole, na ile mikato myembamba iliyochanjwa juu ya kashata zake ikafunguka kisha ikajifunga nilipoachia. Mikato hiyo ndiyo inayouma theluji. Mifereji mipana iliyo kati ya kashata ina kazi nyingine, nayo ni kushindilia theluji ndani yake, kwa kuwa theluji hushikana na theluji vizuri zaidi kuliko inavyoshikana na mpira. Kwa hiyo tairi la baridi lililojaa theluji mferejini halijaziba, bali liko kazini. Nimewahi kumwona mtu akiyachokoa matairi yake kwa bisibisi kabla ya safari, na alijisumbua bure.

Wakati wa kuchagua, kitu cha kwanza nilichotazama ni alama zilizo ubavuni mwa tairi. Herufi M+S ni tamko la mtengenezaji kwamba umbo la kashata linafaa tope na theluji, na tairi linaweza kuzibeba bila kupimwa kwenye theluji hata mara moja. Alama yenye uzito ni ile ya mlima wenye vilele vitatu uliochorwa kipande cha theluji ndani yake, iliyoanza kutumika Amerika Kaskazini mwaka 1999, kwa sababu tairi huipata baada ya kushindanishwa na tairi la kipimo kwenye theluji halisi. Ujerumani, kwa mfano, tangu Oktoba 2024 haiyahesabu matairi yenye M+S peke yake kuwa ya baridi. Hata hivyo alama ya mlima nayo ina mpaka wake, maana jaribio lake hufanywa kwenye theluji iliyoshindiliwa na halisemi lolote kuhusu barafu tupu. Ndiyo sababu lebo ya matairi ya Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2021, inatenganisha alama ya theluji na alama ya barafu, na mimi nilitafuta tairi lenye zote mbili.

Kuhusu misumari ya chuma, nilisita kwa muda. Kwenye barafu laini yenye unyevu, hasa hali ya hewa inapokuwa karibu na nyuzi sifuri, tairi lenye misumari hulishinda lisilo nayo. Lakini misumari hupiga kelele kwenye lami, huichimba barabara na kuigeuza kuwa vumbi. Vumbi hilo ndilo lililoifanya Japani iachane nayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo matairi yasiyo na misumari kama Blizzak, yaliyotoka mwaka 1988, yalikuwa yameshaanza kuonyesha kwamba mpira wenyewe unaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Zipo pia nchi na majimbo yanayoipiga marufuku kabisa. Kwa kuwa barabara kuu ninazozipita husafishwa na kubaki lami kwa sehemu kubwa ya msimu, nilichagua yasiyo na misumari. Matairi ya misimu yote sikuyafikiria sana. Yanamfaa anayekutana na theluji mara chache, na huyo hahitaji kusoma maelezo yangu.

Ukubwa ndio uliochukua muda wangu mwingi zaidi, na naona ndipo wanunuzi wengi wanapopitwa na faida ya bure. Gari lilitoka kiwandani na matairi ya 225/45 R17, yaani upana kwa milimita, kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na kipenyo cha ringi kwa inchi. Kwa msimu wa baridi nilishuka hadi 205/55 R16, ukubwa ambao umeorodheshwa kwenye kitabu cha gari na ambao ringi yake inatosha juu ya breki. Kipenyo cha tairi zima karibu hakibadiliki, milimita 634 dhidi ya 632, hivyo kipimo cha mwendo hakidanganyi, lakini tairi limekuwa jembamba kwa milimita 20 na ubavu wake umekuwa mrefu zaidi. Tairi jembamba hukata theluji teketeke na kufika chini palipo pagumu, wakati pana huelea juu yake; na ubavu mrefu huilinda ringi dhidi ya mashimo yaliyofunikwa. Nilihakikisha pia kwamba namba ya uzito ni 91, yaani kilo 615 kwa kila tairi, kama gari linavyodai. Nilinunua manne. Muuzaji mmoja alinishawishi nifunge mawili tu mbele kwa kuwa ndiyo yanayovuta, na ushauri huo ni wa hatari: mbele pakishika na nyuma pasiposhika, mkia wa gari hutangulia kwenye kona.

Sasa barabarani. Kuondoka ndiko kurahisi kuliko kote, kinyume na wanavyodhani wengi. Uzito wa injini umekalia magurudumu yanayovuta, na ukikanyaga mafuta kwa upole gari huondoka bila fujo hata kwenye theluji iliyoanguka usiku kucha. Likigoma, huzima mfumo wa kielektroniki wa kuzuia magurudumu kuzunguka bure, kwa sababu mfumo huo hupunguza nguvu za injini pale ninapozihitaji ili kulitikisa gari mbele na nyuma, kisha nauwasha tena mara tu ninapotoka. Kupanda mlima kunataka mwendo wa wastani usiokatika, na kama lazima nisimame, nasimama chini kabla ya kuanza kupanda.

Thamani ya matairi haya inaonekana kwenye breki na kwenye kona, na hapo ndipo hoja ya gari linalovuta kwa magurudumu manne inapoishiwa nguvu. Kuvuta kwa manne kunasaidia kuondoka na kupanda. Wakati wa kusimama, kila gari linafunga breki kwa magurudumu manne, na gari zito lina mwendo mwingi zaidi wa kuzuiwa. Kuna mteremko mmoja ninaoupita kila mara ambao unaishia kwenye makutano ya barabara. Magari yanayofunga breki hapo, na yale ya upande wa pili ambayo magurudumu yake huzunguka bure yakijaribu kuondoka, yameisugua theluji mpaka imekuwa barafu inayong'aa, na mita za mwisho kabla ya mstari ndizo mbaya kuliko zote. Siku hizi nafanya hivi: nashusha gia juu kabisa ya mteremko, namaliza kupunguza mwendo kabla ya kufika palipong'aa, kisha nasogeza gari kidogo pembeni ili matairi ya upande mmoja yakanyage theluji chakavu ambayo haijasuguliwa. Kwa matairi ya kiangazi, ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge kabisa unapokanyaga breki, ilikuwa ikitetemesha kanyagio mfululizo huku gari likizidi kuteremka. Kwa haya, hutetemeka mara moja au mbili, halafu gari hutulia.

ABS yenyewe inahitaji kueleweka. Kwenye barafu na theluji ngumu huniachia usukani ukifanya kazi, nami hukanyaga breki kwa nguvu bila kuiachia. Kwenye theluji nzito iliyolegea, hata hivyo, inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililofungwa kabisa hulundika theluji mbele yake na rundo hilo hulizuia, ilhali ABS hulifungulia liipande. Hakuna tairi linalobadilisha hilo, kwa hiyo naacha nafasi kubwa mbele yangu. Nimegundua pia kwamba siku za nyuzi 15 chini ya sifuri hunisumbua kidogo kuliko siku za nyuzi 1 chini ya sifuri, maana karibu na sifuri barafu hufunikwa na utando mwembamba wa maji, na ni siku hizo tu ambapo niliitamani misumari.

Ile hali isiyo na tiba niliyoitaja inatokana na kimo cha gari. Theluji ambayo haijaondolewa ikikaribia kimo cha tumbo, bampa huanza kuisukuma badala ya kuipita, sehemu inayoingia chini hujishindilia, na hatimaye gari zima hukalia rundo la theluji huku magurudumu yakining'inia yakiwa hayana uzito wowote wa kuyafanya yashike. Hapo hata minyororo ya kufungwa juu ya matairi haisaidii. Dawa ni koleo, na pa kuchimba ni chini ya tumbo la gari, si mbele ya magurudumu pekee. Kabla ya kuwasha injini gari likiwa limezama namna hiyo, lazima bomba la moshi lizibuliwe, kwa kuwa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ikikosa njia hurudi ndani ya gari, nayo haina harufu. Theluji mbichi ikizidi sentimita 12 kwenye barabara isiyosafishwa, mimi sitoki, na hapo mwenye gari la juu ana haki ya kunicheka.

Kasoro sasa. Siku za jua, lami ikiwa kavu, usukani huitika kwa kuchelewa kidogo kwa sababu kashata hujipinda kabla gari halijafuata, na breki kwenye joto ni dhaifu kuliko za matairi ya kiangazi. Kuna mvumo unaosikika kuanzia kilomita 80 kwa saa. Mpira laini huisha haraka sana ukitumiwa wakati wa joto, hivyo ni lazima uwe na mahali pa kuhifadhia seti ya pili na uwe tayari kubadilisha mara mbili kwa mwaka. Upepo nao hupungua kwa takriban bari 0.1 kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka: tairi lililojazwa bari 2.3 ndani ya karakana yenye joto hukutwa na 2.0 asubuhi yenye baridi kali, na taa ya onyo huwaka ingawa hakuna pancha. Napima matairi yakiwa yamepoa nje, si baada ya safari.

Kasoro nyingine haikuwa ya tairi. Matairi haya yana upande maalumu wa kuzunguka, unaoonyeshwa kwa mshale ubavuni, na fundi aliyenifungia alilifunga moja la nyuma mshale ukielekea kinyume. Nililitambua nyumbani nilipochuchumaa na kuona kashata za V zikielekeana vibaya na za tairi la mbele. Tairi lililogeuzwa namna hiyo halisukumi maji na matope ya theluji inavyopaswa, na ilibidi lirudishwe na kufungwa upya. Siku hiyohiyo nilisoma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, nikaridhika kwamba sikuuziwa yaliyokaa ghalani miaka mingi.

Yalipokuwa mapya kashata zilikuwa na kina cha milimita 8. Sasa za mbele zimebaki na 6, na kwa sababu ya mshale nayabadilishana mbele na nyuma kwa upande uleule tu. Sheria ya Ulaya inaruhusu tairi lichakae mpaka milimita 1.6, lakini Austria hailihesabu tena kuwa la baridi likishuka chini ya 4, na kiwango hicho cha pili ndicho ninachokifuata mimi. Yakifika hapo nitanunua mengine ya muundo huuhuu na ukubwa huuhuu, na nitasimama karakana nikihesabu mishale mwenyewe.