Vipima upepo vya matairi ya karavani: kipi ununue, kipi uache

Ukivuta karavani ya ekseli mbili kwa pikapu, una matairi manane barabarani, na dashibodi inakupa habari za manne tu. Gari lako halina hitilafu. Mwaka 2000, baada ya sakata la matairi ya Firestone yaliyokuwa yakichanika kwenye magari ya Ford Explorer, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozaa kanuni namba 138 ya usalama wa magari. Tangu Septemba 2007 karibu kila gari jipya lenye uzito wa jumla unaoruhusiwa (gari pamoja na mzigo) usiozidi pauni 10,000 lazima limuonye dereva upepo wa tairi unapopungua. Matrela hayakuingizwa kwenye kanuni hiyo. Karavani mpya kabisa inaweza kutoka dukani ikiwa na jokofu, kiyoyozi na runinga, isiwe na kitu chochote cha kukuambia kwamba tairi la nyuma kulia limebaki na nusu ya upepo.

Hata taa ya pikapu yenyewe haina haraka. Kanuni inaitaka iwake upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kiwango. Kwa tairi la trela linalotakiwa kuwa na psi 80 (pauni 80 kwa kila inchi ya mraba), asilimia 25 maana yake ni kusubiri hadi psi 60, na kwa tairi lililobeba mzigo wake wote, psi 60 kwenye jua la Texas ni kuchelewa.

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko kunazaa joto, na joto ndilo linaloachanisha raba na nyuzi zilizo ndani yake. Likipasuka tairi la mbele la pikapu utajua papo hapo kwa usukani. Trela la ekseli mbili halikuambii kitu: tairi la jirani linabeba mzigo wa mwenzake, safari inaendelea, na wewe uko mbele na redio yako. Ngozi ya tairi ikianza kuchanika inachapa sakafu ya karavani kila mzunguko. Pale chini ndipo zilipo nyaya za breki, mabomba ya maji na mara nyingi bomba la gesi. Halafu lile tairi lililobeba mizigo miwili nalo linafuata. Ndiyo maana nasema kipima upepo ni muhimu kwenye trela kuliko kwenye gari linalolivuta.

Wengi wetu huku Marekani na Kanada tumepita kwenye malori, na dereva wa lori ana mazoea ya kugonga matairi kwa rungu kabla ya kuondoka. Mlio utakutambulishia tairi lililokufa. Hautakutofautishia lenye 80 na lenye 62.

Kwanza valvu

Kabla ya kulinganisha bei za vifaa, piga magoti uangalie valvu za trela lako. Karavani nyingi hutoka kiwandani na valvu za raba za kuchomeka, na aina iliyoenea zaidi imetengenezwa kwa upepo usiozidi psi 65. Ukifunga kihisi cha kupima upepo juu yake, mwendo wa maili 65 kwa saa unakisukuma nje muda wote, raba inapinda, na baada ya muda inachanika shinani. Hapo kifaa ulichonunua kuzuia pancha ndicho kilicholeta pancha. Mwambie fundi wa tairi akuwekee valvu za chuma zinazokazwa kwa nati. Kama unabadilisha matairi mapya, gharama ya ziada ni ndogo sana, maana tairi tayari limeshatolewa kwenye rimu. Kama fedha yako inatosha kimoja tu mwezi huu, nunua valvu mwezi huu na vihisi mwezi ujao.

Namba moja: vihisi vya kufunga kwenye valvu, vyenye skrini yake na kikuza mawimbi

Kwa wenye karavani wengi hili ndilo chaguo langu, na sina wasiwasi nalo. Unatoa kifuniko cha valvu, unakaza kihisi mahali pake, unaweka skrini ndogo mbele ya dereva, basi. Hakuna tairi linaloshushwa. Majina yanayojulikana kwenye kundi hili ni TST, TireMinder na EEZ Tire. Seti ya vihisi vinne pamoja na kikuza mawimbi huwa inakaribia au kupita kidogo dola 300, na unaweza kuongeza vihisi vya pikapu na vya spea kwenye skrini hiyohiyo.

Kikuza mawimbi kisikuponyoke. Ni kisanduku kidogo kinachopokea ishara dhaifu za vihisi na kuzirusha upya kwa nguvu. Kutoka tairi la nyuma la karavani ya futi 30 hadi kwenye kioo cha mbele cha pikapu kuna umbali mkubwa, na katikati kuna kuta za alumini, fremu ya chuma na bati la pikapu lenyewe. Muuzaji akikuambia skrini inafika futi 100 bila msaada, anazungumzia uwanja mtupu. Kifunge ndani ya karavani karibu na ekseli au mbele karibu na betri, ambako nyaya zake zitapata umeme kwa urahisi.

Vihisi hivi vina maumbo mawili. Kimoja kinaziba valvu kabisa, kwa hiyo ukitaka kujaza upepo lazima ukitoe kwanza. Kingine kina tundu la kujazia pembeni au juu, hukigusi, lakini ni kirefu na kizito zaidi, na hicho usikiweke kamwe kwenye valvu ya raba. Mimi napendelea kile kifupi chenye betri ya kubadilisha mwenyewe. Betri bapa aina ya CR1632, ambayo vingi hutumia, inapatikana kirahisi. Kihisi ambacho betri yake imezibwa ndani moja kwa moja ni cha kutupa betri ikiisha. Upande wa kero, kihisi cha shaba kikikaa muda mrefu kwenye valvu ya alumini huweza kung'ang'ania kwa kutu. Kitoe mara kwa mara, futa nyuzi zake, rudisha.

Skrini unayonunua lazima ifanye jambo moja ambalo watu husahau kuliuliza: ipige mlio kihisi kinaponyamaza. Namba iliyoganda tangu Oklahoma inakudanganya zaidi kuliko kutokuwa na namba.

Namba mbili: vihisi vya ndani ya tairi vinavyozungumza na pikapu yako

Baadhi ya matoleo ya karibuni ya Ford F-Series, Chevrolet Silverado na GMC Sierra yanaweza kusoma matairi ya trela kwenye dashibodi ileile ya gari. Vihisi vinakaa ndani ya rimu. Haviibiwi, havigongwi na jiwe, haviminyi valvu, na joto linalosomwa ni la hewa iliyo ndani ya tairi, wakati kihisi cha nje kinapozwa na upepo wa barabarani na kusoma chini zaidi.

Kwa ubora wa kazi hili lingeweza kuwa la kwanza. Nimeliweka la pili kwa sababu linakufunga. Kila tairi lazima lishushwe, kila kihisi kisajiliwe kwenye gari, na ukiuza pikapu ukanunua ya kampuni nyingine, vihisi vinabaki ndani ya matairi bila wa kuvisikiliza. Betri yake ikiisha unabadilisha kihisi kizima. Lakini kama pikapu unayo tayari, ina uwezo huo, na matairi ya trela yanakaribia kubadilishwa, usihangaike na kingine. Fanya yote siku moja.

Namba tatu: mfumo uliokuja na karavani

Baadhi ya karavani mpya zinauzwa zikiwa zimeandaliwa kwa Tire Linc, mfumo wa kupima upepo wa Lippert, kampuni ya vifaa vya karavani. Ni vihisi vya kwenye valvu vilevile. Muulize muuzaji swali la wazi: vihisi vimo kwenye bei, au karavani "imeandaliwa" tu na vihisi nitanunua mwenyewe? Kisha uliza nitasomea wapi nikiwa naendesha. Kusoma upepo kwenye simu ukiwa umeegesha kambini kuna manufaa yake, ila pancha inaanza ukiwa kwenye mwendo.

Namba nne: seti za bei nafuu za mtandaoni

Zipo za chini ya dola 150, nyingine zina skrini ya kujichaji kwa jua. Sizibezi. Kwa trela fupi la ekseli moja, la kukunjwa au la kubebea boti, nyingi zinafanya kazi, na mwenye seti ya dola 90 iliyofungwa yuko salama kuliko mwenye seti ya dola 400 iliyo bado kwenye kikapu cha duka. Angalia mambo machache tu: isome zaidi ya psi 80 kama matairi yako ni ya daraja E (herufi ya uwezo wa mzigo wa tairi), betri ya kihisi ibadilike, na kikuza mawimbi kipatikane iwapo utanunua trela refu baadaye.

Cha kuacha: vihisi vya Bluetooth vinavyotegemea simu peke yake

Kwa gari dogo ni sawa. Kwa karavani hapana. Bluetooth inatumia masafa ya GHz 2.4, ambayo hayapenyi vizuizi kama yale ya MHz 433 yanayotumiwa na mifumo mingi yenye skrini yake. Juu ya hapo, simu ileile inakuongoza njia, inapokea simu, na inaweza kuifunga programu ya upepo bila kukuuliza.

Namba za kuweka baada ya kufunga

Soma kibandiko kilicho nje ya karavani, kwa kawaida ubavu wa kushoto upande wa mbele. Hapo ndipo pameandikwa upepo wa matairi yakiwa baridi. Matairi ya trela yenye herufi ST kwa kawaida hufikia psi 50 kwa daraja C, 65 kwa D na 80 kwa E, na watengenezaji wengi wa karavani wanataka yajazwe hadi kiwango hicho. Baridi maana yake trela limelala saa kadhaa na jua halijapiga upande mmoja.

Mlio wa chini uweke asilimia 10 hadi 15 chini ya kiwango. Kwa tairi la psi 80, weka 70. Mlio wa juu uweke asilimia 25 zaidi, yaani 100. Joto liache kwenye 158°F ambayo vifaa vingi huja nayo. Usishangae kuona 92 baada ya saa mbili barabarani, na usipunguze upepo wa tairi la moto hata kidogo, kwa sababu likipoa litakuwa chini ya kiwango. Matairi uliyojaza 80 kwenye nyuzi 70°F yanaamka na kama 73 asubuhi ya 30°F, na hiyo si pancha. Ukipanda kutoka Houston, karibu na usawa wa bahari, hadi Denver kwenye nyanda za juu, kimo peke yake kinaongeza kama psi 2 na nusu kwenye vipimo vingi, kwa kuwa hewa ya nje imepungua mgandamizo.

Ukishazoea, utaacha kuangalia namba moja moja na kuanza kulinganisha matairi. Upande wa jua huwa juu kidogo. Lakini tairi moja likiwa na joto zaidi ya wenzake wote huku upepo wake ni sawa, shuka ukague beringi au breki inayoshika.

Kifaa hakijui uzito uliopakia wala umri wa raba. Uzito pima kwenye mizani ya CAT Scale, ambayo iko kwenye vituo vingi vya malori. Umri usome ubavuni, mwisho wa namba za DOT: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Weka kihisi kwenye spea pia; tairi hilo hukaa mwaka mzima bila kuguswa.

Siku ya kufunga, fanya jaribio moja kabla hujatupa boksi na risiti. Egesha pikapu ikiwa imeunganishwa na karavani, washa injini, mpe mtu akae mbele na skrini. Nenda nyuma kwenye tairi la mbali zaidi, toa kihisi, punguza upepo hadi chini ya mlio wa chini (65 kwa tairi la 80), rudisha kihisi. Mlio usipomfikia ndani ya dakika chache, hamisha kikuza mawimbi ujaribu tena. Ukishindwa mara ya pili, rudisha seti dukani kabla muda wa kurudisha haujapita, kisha ujaze tairi.