Kunoa kisu: kinoo nyumbani au fundi anayenoa kwa baiskeli?
Fundi wa baiskeli hana mambo mengi: anakanyaga pedali, gurudumu linatoa cheche, muda si mrefu kisu kinakata nyanya. Panga na shoka mpelekee yeye. Kisu chembamba cha jikoni nakionea huruma. Chuma kikipata moto hadi kugeuka buluu, kimelegea, na makali hayakai.

Kinoo cha maji kinataka subira. Chukua cha namba 1000, yaani chenye chembe za wastani, kiloweke hadi viputo viishe, inamisha kisu nyuzi 15 hadi 20, na pembe hiyo usiibadilishe. Noa mpaka ukipapasa upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda ukingoni, kidole kikwaruzwe kidogo, ndipo ugeuze. Wanaoanza hugeuza mapema mno. Namba 6000 ya kung'arisha? Kwa sukumawiki, anasa tu.