Uzoefu wangu: eksirei ya tumbo ilivyoonyesha utumbo wa baba umejisokota

Baba ana miaka 68, mkulima wa kahawa Kagera, Jumatano alianza kuvimba tumbo na Ijumaa likawa limekaza kama ngoma, ukiligonga kwa kidole linalia kabisa, choo hamna na hata upepo hatoi. Zahanati tuliyoanzia wakatupa dawa ya gesi na ya kulainisha choo eti turudi Jumatatu. Inaniuma mpaka leo, mtu ambaye hata upepo hautoki siku mbili unamrudishaje nyumbani jamani.

Usiku akaanza kutapika tukamkimbiza hospitali kubwa. Wakaanza na ultrasaundi, haikuonyesha cha maana maana tumbo limejaa hewa na mawimbi yake hewani hayapiti vizuri. Ila eksirei, ile picha ya kawaida kabisa, imetoka muda si mrefu daktari akaniita, "dada njoo uone". Utumbo mpana umefura umejikunja umejaa tumbo zima, pande mbili zimelaliana na mstari katikati, akasema sisi hii tunaiita punje ya kahawa. Nikageuka nikamwangalia baba pale kitandani, mtu aliyechambua kahawa maisha yake yote, machozi yakanitoka.

Wakataka na siti skani, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, wajue kama damu bado inafika kwenye utumbo. Kwanza walimpima figo kwa sababu kuna dawa ya kufanya mishipa ionekane kwenye picha inachomwa kwenye mshipa na hutolewa na figo, ikiingia mwili mzima unapata joto na unahisi kama umejikojolea, baba alishtuka sana akataka kuinuka. Majibu yakaonyesha mishipa imejizungusha kama kamba ila utumbo haujaoza, tukashukuru Mungu. Usiku uleule wakampitishia kamera na mrija kwa njia ya haja kubwa, hewa ikatoka kwa nguvu tumbo likawa linashuka tunaliona, baba akasema "sasa napumua mwanangu". Opresheni ya kukata kile kipande cha utumbo kilichojisokota ikafuata siku ya nne, maana wakiishia kwenye mrija tu mara nyingi utumbo unajisokota tena.

Kwahiyo mwenye mzee tumbo limevimba, choo na upepo vimegoma, wahi hospitali yenye eksirei usipoteze siku kama sisi.

Huduma ya picha nawapa nyota 4. Moja nimeikata kwa ile dawa, mngemwambia tu mapema "mzee utasikia joto, usiogope".