Sabasaba na familia: beba mita, sumaku na mbeleko

Miaka ya karibuni ratiba haijabadilika: milango inafunguliwa tarehe 28 Juni, inafungwa 13 Julai, na katikati hapo viwanja vya Mwalimu J.K. Nyerere, barabara ya Kilwa, vinageuka mji ndani ya mji. Mwenye mazulia kutoka Uturuki anapakana na mwenye manukato kutoka Misri, na ukikata kona unamkuta mjasiriamali wa Tabora kapanga asali. Jina rasmi ni Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, na ya mwaka 2025 yalikuwa ya 49. Mjini ni Sabasaba tu. Mtoto akiuliza kwa nini, mwambie ni tarehe 7 Julai 1954, siku chama cha TANU kilipozaliwa.

Kwa matembezi ya familia, Dar hakuna pengine pa kukupa mambo mengi hivi kwa kiingilio kimoja. Kwa manunuzi, inategemea nani kasimama nyuma ya meza: aliyekitengeneza, au aliyekibeba tu.

Tuanze na siku. Tarehe 7 yenyewe ni sikukuu, na ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa mwenye watoto wadogo. Kila mtu yuko likizo na kila mtu kaja. Mtandao unalemewa, malipo ya simu yanakwama huku foleni nyuma yako inaguna, kwa hiyo noti taslimu lazima, tena ndogondogo. Nenda katikati ya wiki, kabla ya tarehe 5, ufike saa 3 au saa 4 asubuhi. Anayewinda bei za kutupa asubiri siku tatu za mwisho: muuzaji wa ng'ambo hataki kulipia mzigo wa kurudi, na zulia lililogoma kushuka wiki nzima linashuka lenyewe. Ila rangi na saizi nzuri zitakuwa zimeshaondoka.

Usafiri hauna maneno mengi. Magari ya Mbagala yanapita barabara ya Kilwa, unashuka Sabasaba. Gari binafsi ni sawa asubuhi; jioni utakaa kwenye foleni ya kutoka muda mrefu kuliko uliokaa kwenye banda lolote.

Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani. Ardhi ina mawe, mchanga na nyaya za umeme zilizolazwa njiani, na kwenye msongamano magurudumu yanakuwa mtego wa visigino vya watu. Mbeleko inatosha. Wanaotembea wenyewe, waandikie namba ya simu ya mzazi mkononi kwa kalamu ya wino kabla ya kuingia, si baada ya kupotea. Halafu chagueni mahali pa kukutana, na pawe jengo la kudumu kama ukumbi wa Karume, kwa sababu mahema yote yanafanana na "pale kwenye hema jeupe" si maelekezo.

Cha kwanza asubuhi kiwe banda la Maliasili na Utalii, kwenye wanyama hai. Simba wa saa 4 bado ana habari na watu. Wa saa 8 mchana ni mgongo tu, kalala, na mtoto wako kabebwa mabegani kuangalia manyoya.

Sasa mabanda ya ng'ambo. Zulia, ligeuze kwanza. Lililofumwa kwa mkono linaonyesha mgongoni mchoro uleule wa mbele, fundo kwa fundo, na shada za pembeni ni nyuzi za zulia lenyewe zilizoendelea. Ukiona shada zimeshonewa ukingoni kama utepe, hilo ni la mashine. Si dhambi, mengi ni ya mashine na nyuzi zake ni za plastiki, yanafulika na yanadumu sebuleni kwenye watoto. Dhambi ni kulilipia bei ya mkono. Pima sebule kabla hujatoka nyumbani na uje na mita: saizi za kawaida ni sentimita 160 kwa 230 na 200 kwa 300, na anayekisia kwa macho hurudi na zulia linaloishia chini ya meza.

Manukato ya mafuta usiyanunue kwa kunusa kifuniko. Pakwa tone moja kifundoni mwa mkono, aga, zunguka nusu saa. Harufu ya dakika ya kwanza ndiyo inayouza, ya nusu saa ndiyo utakayoishi nayo. Ukijaribu zaidi ya aina tatu, pua imeshachoka na zote zitanukia udi.

Sufuria: hapo ndipo sumaku inafanya kazi. Ile ya kubandika kwenye friji inatosha. Muuzaji akisema sufuria hii inafaa jiko la umeme la induksheni, lile linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, na sumaku yako haishiki chini, haifai, hata akiapa. Zile zisizoshika chakula ni za gesi na umeme wa moto wa wastani. Kwenye mkaa, moto hauna breki: utando unaungua na mpini wa plastiki unalegea. Kama nyumbani maharage yanaivia kwenye mkaa, pita tu.

Vifaa vya umeme, tazama nyuma kwenye kibandiko. Umeme wetu ni volti 230, na plagi yetu ina pini tatu bapa. Kifaa chenye pini mbili za mviringo kitataka adapta, kilichoandikwa volti 110 peke yake kitaungua siku ya kwanza. Na garantii ya mtu anayepanda ndege tarehe 14 ni karatasi nzuri ya kufungia karanga. Kitu chenye mota mnunulie mwenye duka linalojulikana mjini, anayetoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ziko pia bidhaa zinazopepea bendera ya kigeni huku pacha wake yuko Kariakoo, mtaa wa Kongo, kwa bei ya chini. Pita huko wiki moja kabla, ukariri bei tatu nne za vitu unavyovitaka.

Utamkuta pia yule wa mashine ya kukatia mboga. Kipaza sauti kifuani, karoti inashuka kama mvua, tango linakuwa maua, watoto wameduwaa. Angalia anachokikata: karoti ngumu, kiazi kigumu, tango. Mwombe akate nyanya iliyoiva. Kisu butu hakipasui ganda la nyanya, kinalisukuma, nyanya inapondeka, na onyesho zima linaishia hapo.

Upande wa waliotengeneza wenyewe ndiko pesa inakoenda vizuri. Samani za Magereza zina sifa yake mjini, na viatu vya ngozi vya kiwanda cha Karanga, Moshi, vivyo hivyo. Kwenye samani usiishie kupapasa juu. Vuta droo, tazama mgongo wake na pembe za ndani, ndipo penye mbao ya bei rahisi kama ipo. Uliza kama kilichoonyeshwa ndicho utakachobeba au ni sampuli ya kuagizia, na kama ni oda, tarehe iandikwe kwenye risiti. Kirikuu cha kubebea patana nacho nje ya lango kabla hujalipia kabati.

Asali ina uzushi mwingi. Jaribio la kuiwasha kwa kiberiti na la kuidondosha kwenye maji hayathibitishi kitu. Asali ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina ukakasi kwa asili yake, haikuchanganywa. Kwa kuwa ina maji mengi, huchacha upesi, hivyo chupa iliyovimba kifuniko iache na uliyonunua iweke kwenye friji. Ya nyuki wakubwa ikiganda chini haijaharibika, ilaze kwenye maji ya uvuguvugu. Karafuu za Zanzibar bonyeza kichwa kwa ukucha: nzuri inatoa mafuta. Batiki ifute kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka na rangi, itayatia rangi mashati ya nyumba nzima kwenye kufua.

Chakula kwa jumla ni kizuri na ghali kuliko mtaani, jambo la kutegemea. Nyama choma uliza imepimwa mbichi au imeiva. Kilo mbichi ya mbuzi ikitoka motoni hubaki kama gramu 650 hadi 700, mifupa ndani, kwa hiyo kwa watu wazima wawili na watoto wawili agiza kilo moja na nusu na ndizi. Agiza, lipa nusu, nendeni mabandani, rudini baada ya dakika 45. Kukaa mkisubiri na watoto wenye njaa ni adhabu. Urojo wa watoto sema chatne ya pilipili ikae pembeni, maana ikishamwagwa haiokolewi. Juisi ya miwa ni tamu, wasiwasi ni barafu yake. Dafu linalokatwa mbele yako halina wasiwasi huo.

Hali ya hewa iko upande wako: ni kipupwe, mvua adimu, upepo wa kusi unapuliza. Tatizo ni vumbi kufikia alasiri, na koti la mtoto jioni. Bembea ziacheni mwisho, ila si usiku. Angalia kama mfungaji anakagua mkanda wa kila kiti au anapita akipiga makofi tu; huyo wa makofi, mtoto asipande. Jua linazama kama saa 12 na dakika 20, na kuanzia hapo lango linajaa. Saa 11 muwe mmeshabeba zulia begani, kichwa cha mtoto mbele yenu, pochi mfuko wa mbele.