Life, Above All: muvi ya mtoto wa miaka 12 anayebeba nyumba nzima

Hii muvi ni ya Afrika Kusini, ya mwaka 2010, dairekta Oliver Schmitz, na imetoka kwenye riwaya ya Mkanada Allan Stratton inayoitwa Chanda's Secrets, ya 2004. Kama hujaiona itafute, na kama kitabu ulishakisoma ndo uitafute haraka zaidi maana kuna vitu wamebadilisha na vingi wamevibadilisha kwa akili.

Mwanzo tu unakaba koo. Chanda, binti ambaye hadithi ni yake, yuko peke yake kwa wauza majeneza, anachagua jeneza la mdogo wake mchanga, hakuna mtu mzima pembeni, mama yake yuko nyumbani hana nguvu hata ya kusimama. Halafu hela za mazishi hazionekani, baba wa kambo kazibeba kaenda kunywa, na ni huyohuyo mtoto inabidi amfuate kilabuni.

Kwenye kitabu Chanda ana miaka 16, kwenye muvi wamemshusha hadi 12, na mimi naona hapo ndo walipopatia kuliko kote. Wa 16 utasema huyu binti mkubwa, atajikaza. Huyu wa 12 unamwona kabisa bado mtoto, anapika, analea wadogo zake wawili, anauguza mama, huku shule nayo inamsubiri, na hakuna anayemwambia pole. Riwaya inasimuliwa na Chanda mwenyewe kwa hiyo unajua kila anachowaza, ila kwenye muvi kazi yote hiyo kaachiwa Khomotso Manyaka aifanye kwa uso, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuigiza filamu. Anaiweza jamani. Kuna namna anavyomtazama mtu mzima anayemdanganya, hasemi kitu, ila unaona kabisa keshajua.

Sasa ugonjwa wenyewe. Unajua ni ukimwi, majirani wanajua, na muvi inaenda mwendo mrefu bila mtu kuutaja. Wanasema mafua, wanasema karogwa, wanachungulia kwenye uzio. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa wanaoficha ni mtaa mzima, tena wanaficha wakiwa na mawe mkononi. Ndo maana kwangu muvi inahusu umbea na aibu kuliko inavyohusu virusi. Mama Tafa, jirani (Harriet Manamela, kaigiza vizuri sana), ndo mtu wa kwanza kuja kusaidia na ndo huyohuyo anayesisitiza siri itunzwe, na ukija kujua kwa nini anaogopa hivyo unashindwa hata kumchukia.

Kingine nilichopenda sana ni lugha. Wanaongea Kisepedi, lugha ya hukohuko Afrika Kusini, unasoma tafsiri chini ya skrini, na wamepiga picha Elandsdoorn, mji mdogo wa huko. Kitabu hakitaji nchi, kinasema tu Afrika kwa ujumla, na hilo lilikuwa linanisumbua. Kwenye muvi watu wana kwao, wana salamu zao na nyimbo zao za msibani, na maumivu yao yanakuwa ya watu unaowajua.

Lawama yangu ya kwanza ni Esther, rafiki wa Chanda, yatima anayejiuza barabarani kwa madereva wa malori. Keaobaka Makanyane anamcheza kwa moyo, ila muvi inampitia mbio, anaonekana, anapotea, anarudi kaumizwa, na wewe ulitaka ukae naye zaidi. Ya pili ni mwisho. Sitasema kinachotokea, ila roho za watu wa mtaa zinageuka upesi mno, watu waliokuwa na chuki saa ile ile wanalainika, na baada ya saa moja na nusu ya ukweli mtupu inauma kuona wamekimbilia pazuri. Nililia, lakini nililia huku sijaamini sana.

Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 2010, na Afrika Kusini waliipeleka Oscar ikaingia kwenye orodha fupi ya filamu 9 za lugha za kigeni. Ilistahili. Usiwawekee watoto wadogo, ila wa umri wa Chanda kaa nao muangalie pamoja, maswali yatakuja na ni afadhali wakuulize wewe. Na ukimpenda Chanda kama mimi, Stratton aliandika mwendelezo mwaka 2008, Chanda's Wars, humo wadogo zake wanatekwa na waasi wanaowageuza watoto kuwa askari, na ni kigumu kuliko kitabu cha kwanza.