Kuona kamera na mafaili ya nyumbani ukiwa mbali: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Fundi akishafunga kamera nne na kisanduku cha kurekodi, swali linalofuata huwa moja: nikisafiri nitaonaje? Mafundi wengi hulijibu kwa kufungua poti kwenye ruta, yaani mlango wa kuingilia mtandao wako kutoka nje, wanachukua chao na kuondoka. Usikubali. Na kabla hujatoa hela ya kifaa kingine chochote, jua laini yako ni ya aina gani, maana laini isipofaa, ruta ya bei mbaya inageuka pambo la sebuleni.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uangalie anwani ya IP ya upande wa WAN, yaani upande wa intaneti. Linganisha na ile inayotolewa na tovuti yoyote ya kuonyesha IP. Zikifanana, una anwani ya umma, inayofikika kutoka nje. Ikiwa ya ruta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewabana wateja wengi nyuma ya anwani moja na hakuna anayeweza kubisha hodi kwako kutoka nje. Laini za 4G na 5G mara nyingi ziko hivyo, na Starlink ya kawaida ya nyumbani pia. Ikianza na 192.168, ruta yako imechomekwa nyuma ya ruta nyingine. Kaangalie hiyo ya mbele.

1. Raspberry Pi yenye Tailscale

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo sana, na Tailscale ni programu ya VPN unayoiweka kwenye Pi na kwenye simu, iviunganishe kwa njia ya siri. Hii ndiyo ya kwanza, kwa sababu haijali laini yako ni ipi. Kifaa chenyewe ndicho kinachotoka nje kutafuta simu yako, kwa hiyo hakuna poti ya kufungua. Mpango wa bure wa matumizi binafsi unatosha familia. Nunua Pi 4 ya RAM 1GB au 2GB, kwa kuwa ina tundu la kebo ya mtandao. Zero 2 W ni ya bei ya chini zaidi lakini hutegemea Wi-Fi ya 2.4GHz tu. Kompyuta kuukuu ya mezani inaweza kazi hiyo hiyo, ila ikila wati 60 mchana na usiku inamaliza yuniti 43 kwa mwezi, wakati Pi ya wati 4 haifiki yuniti 3.

Usibanie chaja. Pi 4 inataka 5V, ampea 3. Ukiipa chaja dhaifu ya simu inaweza kujizima na kujiwasha bila mpangilio, nawe utailaumu intaneti. Chukua kadi ya memori iliyotengenezwa kwa kurekodi kamera, kwa sababu inastahimili kuandikwa mara nyingi kuliko ya kawaida. Hata hivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi yoyote inaweza kuharibika. Ongeza UPS ndogo yenye tundu la 12V la ruta na la 5V la Pi, na usome ampea za kila tundu kabla ya kulipa.

Kabla ya kufunga programu, badilisha namba za mtandao wa nyumbani kutoka 192.168.1.x ziwe kitu kisicho cha kawaida, mfano 192.168.73.x. Hoteli au ofisi uliyomo ikitumia 192.168.1.x kama nyumbani, simu itaitafuta kamera yako humo humo hotelini. Kisha kwenye Pi:

`curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh`
`echo 'net.ipv4.ip_forward = 1' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf`
`sudo sysctl -p /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf`
`sudo tailscale up --advertise-routes=192.168.73.0/24`

Nenda kwenye ukurasa wa usimamizi wa Tailscale, uidhinishe njia hiyo. Ukisahau, Pi itaonekana iko hewani lakini kamera haitafunguka. Papo hapo zima ukomo wa ufunguo unaoiruhusu Pi kuingia Tailscale (key expiry): ukiuacha, unakufa baada ya siku 180, na desturi yake ni kufa ukiwa umbali wa kilomita elfu.

2. Ruta yenye WireGuard ndani

WireGuard nayo ni VPN, ila hii inakaa ndani ya ruta yenyewe. Kwa mwenye anwani ya umma hii ni safi zaidi: kifaa kimoja, hakuna kampuni katikati. MikroTik hAP ax lite inatosha nyumba ya kawaida, ingawa Wi-Fi yake ni ya 2.4GHz tu. Ina jina la bure la kufuata IP inayobadilika, na RouterOS, programu endeshi ya ruta za MikroTik, kuanzia toleo la 7.12 ina huduma ya Back To Home inayosaidia hata wasio na anwani ya umma. Usivutwe na hAP lite ya bei ya chini. Huduma hiyo haimo. Upande wa simu weka `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo njia husinzia.

3. Seva ya kukodi

Dola 4 hadi 6 kwa mwezi, WireGuard juu yake, nyumbani na simu vyote vinakutana pale. Inafaa anayejua Linux na asiyetaka kutegemea Tailscale. Masasisho ya usalama ni jukumu lako.

4. Programu ya kiwanda cha kamera

Unaskani msimbo, unaona picha. Kwa kamera moja ya getini si haba, ilimradi uweke nenosiri refu na uthibitisho wa hatua mbili. Lakini mafaili na printa haviguswi, na njia yote iko mikononi mwa kiwanda.

5. Kufungua poti

Bure, na ndiyo ghali kuliko zote. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na visanduku vya kurekodi kwa kujaribu manenosiri ya kiwandani tu. Nenosiri gumu nalo halikingi kila kitu: hitilafu ya Hikvision ya 2021, CVE-2021-36260, haikuhitaji nenosiri kabisa. Kama fundi alishafungua 80, 554, 8000 au 37777, zifunge leo, na uzime UPnP, huduma ya ruta inayoviacha vifaa vifungue poti vyenyewe, isizifungue upya.

Njia yoyote utakayochagua, bando litaliwa na picha. Mkondo mkuu, wenye picha safi, wa Mbps 4 unakula GB 1.8 kwa saa. Mkondo mdogo wa kbps 512 unakula kama MB 230. Weka mdogo uwe wa kwanza kufunguka. Walioko Tanzania wakumbuke pia tangazo la TCRA la Oktoba 2023 lililowataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao kuandikisha taarifa zao, anwani ya IP ikiwemo.

Kabla hujamlipa fundi, zima Wi-Fi ya simu, washa data, fungua kamera. Kisha chomoa ruta na Pi ukutani, hesabu dakika tano, rudisha umeme bila kugusa kitu, ujaribu tena.