Stika ya bei ilikuwa juu ya kafeini

Nyota moja. Karibu na kivuko cha Likoni nilishika mkebe wa nusu lita wa kinywaji cha kuongeza nguvu, nikitaka kujua una kafeini kiasi gani. Stika ya bei ilikuwa imebandikwa papo hapo penye hesabu. Nilipoibandua pembe kwa ukucha, muuzaji akanikaripia: "Ndugu yangu, wanunua ama wasoma?" Nanunua na nasoma! Kinaingia mwilini mwangu.

Chini ya stika: kafeini miligramu 32, sukari gramu 11. Hapo ndipo hasira ilipopanda hasa, kwa sababu hesabu hiyo ni ya mililita 100, na nani anywaye mililita 100? Zidisha kwa tano: miligramu 160 za kafeini, gramu 55 za sukari. Kijiko cha chai huchukua kama gramu 4, basi ni karibu vijiko 14. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima. Mkebe mmoja umeshapita.

Kafeini yenyewe inafanya kazi, siwezi kusema vingine. Tangu uamke, kemikali ya mwili iitwayo adenosini inazidi ubongoni, inakaa kwenye vipokezi vyake na kukuletea usingizi. Kafeini inavikalia vipokezi hivyo bila kuviamsha, na adenosini inabaki kama umati wa feri nyuma ya geti. Haijaenda popote. Kafeini ikipungua, geti linafunguka, wote wanaingia pamoja, nawe unaanguka kwa uchovu. Kwa hiyo hujapewa nguvu. Umezuiwa tu kusikia kuchoka.

Na haitoki haraka. Kwa watu wengi nusu yake huisha kwa saa tano hivi. Ukinywa mkebe mzima saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku bado una kama miligramu 80, saa kumi alfajiri 40. Mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi ini lake huiondoa polepole zaidi, na mjamzito polepole kuliko huyo. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku kwa mtu mzima, na kwa mjamzito 200 kwa siku nzima. Ukiona gwarana kwenye orodha ya viambato, hiyo pia ni mbegu yenye kafeini.

Taurini iliyo kwenye orodha hiyo, jamani, si shahawa za fahali kama wengine wasemavyo. Mwaka 1827 ilipatikana kwenye nyongo ya ng'ombe, na siku hizi hutengenezwa viwandani. Mwili wenyewe huiunda, na mla samaki na pweza huipata mezani. Vitamini B nazo ni vyombo vya jikoni, si kuni: zinausaidia mwili kuchoma chakula, na nyingi za ziada hutoka na mkojo, ndiyo ile rangi ya manjano kali. Ila B6 ikizidi kwa muda mrefu huumiza neva, mikono na miguu ikafa ganzi.

Labda nyota mbili, basi. Dereva wa usiku anaweza kufaidika: apaki pahali salama, anywe nusu ya mkebe, afumbe macho dakika 20. Kafeini huchukua kama nusu saa kushika vizuri, na huo usingizi mfupi unapunguza adenosini yenyewe, jambo ambalo kafeini haiwezi.

Lakini nikiwakumbuka vijana wanaoshushia muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, kwa mikebe hii, narudi kwenye moja. Muguka una kathinoni, inayopandisha mapigo ya moyo na presha; kafeini inasukuma upande huohuo. Moyo ukianza kwenda mbio bila mpango, au kifua kikibana, usingoje ipite, nenda hospitali. Kijana huyo angejuaje kiasi alichokunywa, na hesabu imefunikwa?

Muuzaji, bandika bei chini ya kitako cha mkebe. Nikiikuta huko, narudi kuongeza nyota.